Maelezo ya Chombo Yasomwe Kabla ya Majina Kuandikwa

(Mazungumzo na familia zilizohama na viongozi wa mitaa, Buluo, Likasi)



Tulipowaalika tulisema tutazungumza juu ya orodha, na wengine walidhani tumeleta jetoni. Mtusamehe. Leo tuna karatasi moja tu, nayo tunataka tuisome pamoja.

Ninyi mnajua orodha inavyoanza. Kijana anakuja na simu, anauliza jina, umri, na watu wangapi wanalala nyumbani. Mara nyingi ndani ya simu ile mna fomu ya KoboToolbox, programu iliyotokana na kazi ya Harvard Humanitarian Initiative huko Marekani. Hapo bado kuna mtu mbele yako: ukimwambia amekosea, anafuta na kuandika upya. Lakini sasa zimekuja programu za akili bandia ziitwazo mawakala. Wakala anapewa kazi kwa maneno ya kawaida, kwa mfano "tafuta familia zilizoandikwa mara mbili," naye anachagua mwenyewe vyombo vya kompyuta vya kuifanyia. Chombo kimoja kinatafuta majina, kingine kinaunganisha familia mbili, kingine kinafuta.

Atajuaje kipi ni kipi? Anasoma maelezo. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitoa kanuni iitwayo Model Context Protocol, na kampuni nyingine zikaifuata. Katika kanuni hiyo chombo kinajitambulisha kwa jina, maelezo mafupi, na orodha ya vitu vinavyotakiwa kujazwa. Mara nyingi wakala hana kingine cha kumwongoza juu ya chombo hicho isipokuwa mistari hiyo.

Karatasi tuliyoshika ni maelezo ya chombo cha kuunganisha familia, tumeyatia katika Kiswahili. Yanasema: "Huunganisha rekodi zinazofanana." Basi. Zinafanana kwa nini, haisemi. Na sehemu za kujaza jina ni mbili tu, jina la kwanza na jina la mwisho. Sisi Wakongomani, tangu siasa ya Mobutu ya uasili mwaka 1972, tuna jina, tuna postnom, na wengi wetu tuna tena jina la ubatizo. Majina matatu yataingiaje katika nyumba mbili?

Tulikaa ofisini tukatunga familia kumi za uongo, tukampa wakala. Kwa familia moja aliweka postnom mahali pa jina la mwisho. Kwa nyingine aliitupa. Wanawake wawili wenye jina moja na ubatizo mmoja, lakini postnom mbalimbali, wakawa mtu mmoja. Mmoja wao tulikuwa tumempa watoto sita, na wale sita wakapotea pamoja naye. Tulitaka kurudisha nyuma, haikuwezekana, na karatasi haikuwa imetuonya.

Basi tukaandika maelezo upya: chombo hiki kinafanya nini, kisitumiwe wakati gani, kila sehemu inajazwa nini, pamoja na mfano wa jina la Kikongomani, na kwamba kuunganisha hakurudishwi, kwa hiyo mtu aulizwe kwanza. Tukarudia na familia zilezile. Wanawake wawili wakabaki wawili. Wakala alikuwa yuleyule, na kompyuta ileile. (Tarehe za kuzaliwa bado zilikosewa, maana tulisahau kueleza kwamba kwetu 03/04 ni tarehe tatu mwezi wa nne. Kosa hilo ni letu.)

Mtauliza, hayo yanahusu nini amani? Mji huu una kumbukumbu. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya ndugu zetu wenye asili ya Kasai walilala kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni ya kuwaondoa, kwa sababu ya asili yao. Mtu akikosa jina lake kwenye orodha, hatafikiri juu ya mstari wa maelezo uliokosewa. Ataangalia nani ameandikwa, anatoka wapi na anasema lugha gani. Neno likishatoka hapo, sisi tunajua linapofika.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi: shirika likija na programu ya namna hii, ombeni kusomewa maelezo ya kila chombo kinachounganisha au kufuta, kwa lugha mnayoielewa. Ulizeni ni nani anathibitisha kabla familia haijaondolewa, na mkae kwenye jaribio wenyewe. Jaribio lifanywe kwa majina ya kutunga, si majina yenu.

Alhamisi saa tatu asubuhi tutajaribu tena, safari hii na tarehe. Yeyote ambaye jina lake hukosewa kila anapoandikishwa, aje atuonyeshe linakosewa wapi. Tutatunga lingine linalofanana nalo.