AKIBA YA SIKU YA SHIDA KATIKA HAZINA YA MJI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Singida)



Tumepewa kazi ya kunena juu ya akiba ambayo serikali ya mji huiweka kwa ajili ya dharura. Neno hili latuhusu sana sisi makarani, kwani siku ya shida ifikapo wakubwa huuliza, "Kuna nini katika hazina?" na jawabu hutoka mezani petu.

Singida ni nchi ya mvua chache. Mvua ikikosa, alizeti na vitunguu hupungua, na ushuru wa mazao hupungua pamoja navyo. Basi mapato hushuka mwaka ule ule ambao watu wahitaji msaada zaidi. Wala si mvua peke yake. Mwaka 2003 Serikali Kuu iliifuta kodi ya maendeleo. Na tangu mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulianza kutolewa mikononi mwa halmashauri ukapewa Mamlaka ya Mapato.

Hazina za mahali si jambo geni kwetu. Zamani za Gavana Donald Cameron, baada ya sheria ya mwaka 1926, ziliwekwa hazina za wenyeji zilizoitwa baitulmali. Baadaye halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Daftari hubadilika jina, lakini swali hubaki lile lile: fedha kiasi gani zisiguswe?

Huko Marekani chama cha maofisa wa fedha za serikali chashauri kwamba akiba isipungue mapato au matumizi ya miezi miwili, na mji wenye mapato yasiyo imara uweke zaidi. Kwetu kiasi hicho ni mzigo mzito, maana kumi katika mia ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Tena wananchi watauliza kwa haki, "Watoto wakaa chini darasani, mbona fedha zimelala?"

Jawabu letu ni hili: akiba isiyo na kanuni ni fedha zinazongoja mtu wa kuzitumia. Kwa hiyo baraza na liandike mambo matatu. Kwanza, kiasi, hata kikiwa kidogo, kikue mwaka hata mwaka. Pili, sababu ya kutoa: daraja lililochukuliwa na maji ni dharura, posho ya safari siyo. Tatu, muda wa kurudisha kilichotolewa, na jina la cheo cha mwenye kuulizwa.

Kanuni hiyo iandikwe mwaka wa mavuno, maana katika mwaka wa njaa kila haja huitwa dharura. Mama wa nyumba hutenga mbegu siku ya kupura, wala hangoji watoto walie ndipo achague punje za kubakiza.

Ndugu wanachama, sisi hatupigi kura barazani, lakini sisi ndio tuandikao hati za malipo. Mwenye kalamu na akumbushe mapema, kwa adabu na kwa maandishi. Akiba haiozi.