Mkanda Haupimi Ini

Katika mtaa wa Mutanga Nord mjini Bujumbura, kama ilivyo katika kambi na vituo vingi vya polisi vya Afrika Mashariki, iko imani iliyokwisha kuota mizizi kwamba kisukari ni ugonjwa wa wanene. Askari ambaye mkanda wake bado unafungwa kwenye tundu lile lile la siku ya kuhitimu mafunzo hujiona salama, akapita mlangoni mwa zahanati bila kugeuza shingo. Imani hiyo ni ya hatari.

Ini la binadamu ni bohari. Chakula na pombe vinapozidi mahitaji ya mwili, ziada hugeuzwa kuwa mafuta. Kwa walio wengi mafuta hayo hupata nafasi chini ya ngozi, na ndipo majirani humwambia mtu kwamba amependeza. Lakini bohari hazilingani. Yule ambaye nafasi yake ni ndogo, mafuta humjaa ndani ya ini, yakafurika hadi kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini. Ini la namna hiyo halitii tena amri ya insulini. Humwaga sukari katika damu usiku kucha, hata kama mwenyewe hakutia kitu kinywani. Hayo hutendeka bila maumivu, na mizani husema uzito ni wa kawaida.

Mwaka 2023, Profesa Roy Taylor na wenzake wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walitangaza matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 20 wa kisukari wasiokuwa wanene. Walipopunguza kilo chache chini ya uangalizi, mafuta ya ini yalipungua, na 14 kati yao wakaacha dawa huku sukari yao ikiwa chini ya kiwango cha ugonjwa. Watu 20 ni wachache, lakini wanatosha kuonyesha kwamba wembamba si ngao.

Hata hivyo, asiwepo wa kukimbilia kujinyima chakula. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba asilimia 56 ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua rasmi aina ya kisukari itokanayo na utapiamlo, na mgonjwa wa aina hiyo njaa humzidishia madhara. Kutenganisha mmoja na mwingine ni kazi ya mganga.

Kipimo chenyewe ni tone la damu, asubuhi kabla ya chai. Miligramu 126 au zaidi katika desilita moja, ikithibitishwa mara ya pili, ni kisukari. Nyumbani, kiuno kinachozidi nusu ya kimo ni dalili ya kutosha ya kwenda kupimwa. Na kamanda anayemwona askari wake akimaliza chupa baada ya chupa ya maji, akiomba ruhusa ya haja ndogo mara nne katika zamu moja, kisha akisinzia lindoni, ampeleke kwanza zahanati kabla ya kumwandikia kosa la nidhamu.