Samaki wa Kwetu Nilimwona Ugenini

Ndugu msikilizaji, leo naomba nianze kwa kukiri uongo nilioutamka miaka mingi iliyopita mbele ya muuza samaki mmoja wa Kijerumani. Simaanishi samaki wa kukaanga. Duka lake lilijaa masanduku ya vioo yenye maji na taa, na ndani yake samaki wadogo wa kila rangi, wengine wa bluu, wengine wa manjano, wengine wenye milia. Watu wa huko huwanunua kwa fedha nzuri, wakawaweka sebuleni, wakakaa kuwatazama tu. Mwenyeji wangu alinipeleka pale kwa sababu nje kulikuwa na theluji. Nikawa napitapita, mikono mfukoni, mpaka nilipofika kwenye sanduku moja lenye kijikaratasi kilichoandikwa neno la Kilatini, na mbele yake neno jingine ambalo lilinisimamisha pale pale: Hongi.

Hongi ni kisiwa. Kiko Ziwa Nyasa, katika mwambao wetu wa Ruvuma, upande wa Liuli. Nilipokuwa mtoto, huko kote kulikuwa Wilaya ya Mbinga. Tangu mwaka 2012 ufuko ule ni Wilaya ya Nyasa, makao yake makuu Mbamba Bay. Wageni wengi wa nchi hii hawajapasikia. Hata Watanzania wengi hawajapasikia. Lakini muuza samaki yule alikuwa akilitamka jina la Hongi vizuri kuliko watu wengi wa Dar es Salaam, na kwenye masanduku ya jirani alikuwa na Lundo na Mbamba pia.

Nikamwambia mimi natoka huko. Macho yakamtoka. Akaniuliza kama nimewahi kuwaona samaki hawa kwao, kwenye mawe yao. Nikajibu, "Kila siku."

Huo ndio uongo wenyewe. Nimeogelea juu ya samaki hao utoto wangu wote. Tumewavua kwa ndoana tukawafanya chambo cha kuvulia samaki wa maana. Lakini kuwaona, kwa maana ya kuona mtu anavyoona, sikuwahi. Ukiwa juu ya mtumbwi ziwa ni kioo kinachomeremeta usoni, na samaki wa mawe ni kivuli kinachokimbia. Akishatolewa majini, rangi hufifia kabla hajafika kikapuni. Kwa hiyo mara ya kwanza kumtazama samaki wa kwetu usoni, akiwa hai, mwili wa bluu na mgongo wa rangi ya chungwa, ilikuwa ni katika mji wenye theluji, na nikaona haya kusema hivyo.

Ndugu msikilizaji, Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani. Wataalamu wamekwisha kutaja zaidi ya 800, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote. Wale wadogo wa mawe, ambao wataalamu wa dunia nzima huwaita mbuna kwa jina la huko huko ziwani, wana tabia ya kutovuka mchanga. Mwamba ukiisha na mchanga ukaanza, kwao hapo ndipo mwisho wa dunia. Ndiyo maana kuna samaki wa kisiwa kimoja tu, na kisiwa cha jirani unachokiona kwa macho kina wa kwake. Samaki wa namna hiyo akimalizwa pale alipo, hakuna ndugu zake wa kuja kujaza nafasi.

Sasa Wajerumani na Wamarekani waliwajuaje mpaka majina ya vijiji? Biashara ya kuwauza nje ilianza miaka ya 1960 upande wa Malawi, hiyo ni sehemu moja ya jibu. Sehemu nyingine ni picha. Yuko bwana mmoja, Ad Konings, mzaliwa wa Uholanzi, ambaye kwa miongo kadhaa amekuwa akizamia na kamera katika ziwa hili, mwamba kwa mwamba, pamoja na mwambao wetu wa Tanzania, na vitabu vyake vya picha vinasomwa na wafugaji wa samaki hao kama Msahafu. Wafugaji waliotazama picha hizo hawakuishia kununua samaki tu. Ulianzishwa mfuko wa kuwahifadhi, watu wakachanga, na fedha zikatumika kutengeneza vizuizi vya kunasa makokoro, vikatumbukizwa chini ya maji katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Malawi, ile iliyoanzishwa mwaka 1980. Mtu wa Texas anachangia ulinzi wa mwamba ambao hatauona maishani, kwa sababu ya picha. Mimi jambo hilo nalistahi. Naona tu kwamba picha zimesafiri mbali sana, halafu zikasahau kurudi nyumbani.

Hapa kwetu tunao mfano mkubwa zaidi. Mwaka 1959 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walitoa filamu iliyosema Serengeti isife. Walikuwa wameruka na ndege iliyopakwa milia ya pundamilia wakihesabu wanyama kutoka angani. Michael hakuiona filamu hiyo ikitoka. Januari 1959 ndege ile iligongana na tai, ikaanguka, naye akafa. Amezikwa ukingoni mwa Ngorongoro, na baba yake aliwekwa kando yake baada ya kufariki mwaka 1987. Filamu ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na mzee Grzimek alitumia kipindi chake cha televisheni kule Ujerumani Magharibi kuchangisha fedha za hifadhi. Ilifanikiwa kwa sababu wakati ule wenye uamuzi na wenye fedha walikuwa Ulaya, nao ndio walioketi mbele ya turubai.

Lakini tusisahau nani hakuketi pale. Wamasai waliokuwa wakichunga ndani ya Serengeti walihamishwa kufikia mwaka huo huo wa 1959, na mtazamaji wa Frankfurt aliyetoka na machozi kwa ajili ya nyumbu hakuwa na sababu ya kuwawaza. Kamera ina kingo nne. Mwenye kamera ndiye anayeamua nani awe ndani na nani aachwe nje, na huyo aliyeachwa nje huwa hajui kwamba ameachwa mpaka siku anapoambiwa afungashe.

Ziwani kwetu wenye uamuzi si watu wa Frankfurt. Ni wale wanaume wanaovuta kamba alfajiri. Sheria imekwisha kulipiga kokoro marufuku, na vipo vikundi vya BMU vya kulinda, na maofisa wa uvuvi hupita na boti kila mafuta yanapopatikana. Lakini ufuko ni mrefu na usiku ni mrefu zaidi. Kokoro likipita, kamba yake ya chini inakwangua mchanga. Na kwenye mchanga ndipo magege dume anapojenga kiota chake, kilima kidogo cha duara. Jike hutaga hapo, kisha huyachukua mayai mdomoni, akakaa nayo kiasi cha wiki tatu bila kula vya kutosha, mpaka vifaranga waweze kuogelea. Ukimvua jike wakati huo umevua ukoo. Wenzetu wa Malawi humwita samaki huyu chambo, na mwaka 2018 aina tatu kati ya nne za chambo ziliwekwa kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Huyo si samaki wa mapambo. Ni kitoweo.

Na asije mtu akasema ziwa kubwa haliwezi kuishiwa. Waulize watu wa Mwanza habari za furu. Sangara aliingizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na 1960, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amejaa ziwa zima. Inakadiriwa aina zipatazo 200 za furu zilipotea, nyingine kabla hata hazijapewa jina. Nimewahi kuona picha za baadhi yao: wamelala kwenye karatasi, weupe, wametolewa kwenye chupa ya dawa. Hakuna atakayejua walivyokuwa wakipendeza.

Basi mwaka jana nikaamua kuurekebisha uongo wangu. Nikaazima kamera ndogo isiyoingia maji, nikapanda basi. Siku hizi lami imefika kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay. Zamani mteremko ule wa Umatengoni kwenda ziwani ulikuwa wa kusali. Sikujua kuzamia wala sijajua mpaka leo. Nilichofanya ni kuifunga kamera kwenye ncha ya mwanzi mrefu, mpwa wangu akapiga kasia, nami nikawa naichovya kama mtu anayekoroga uji. Nusu ya picha zilikuwa za mwanzi wenyewe. Kijiji sitakitaja, maana maofisa uvuvi nao husikiliza redio.

Usiku wa tatu tukatundika shuka kwenye ukuta wa ghala, tukawasha jenereta na projekta ya kuazima. Wazo la kupeleka sinema kijijini si geni nchi hii. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa Waingereza pale Vugiri, Usambara, uliotengeneza filamu 35 na kuzizungusha kwa lori Afrika Mashariki na Kati mpaka Nyasaland. Mojawapo ilifundisha watu kuweka akiba Posta. Ila nyingi zilimwendea mtazamaji kama mwalimu anavyomwendea mwanafunzi mzito. Miaka yetu, Kenya, Dakta Paula Kahumbu ametengeneza vipindi vya wanyama vya Wakenya wenyewe, vikaonyeshwa katika televisheni ya huko tangu mwaka 2019, na waliosimama mbele ya kamera ni watu wa nchi. Mimi sikuwa na ufundi wa Vugiri wala wa Nairobi. Sikuwa hata na maelezo. Nilinyamaza, nikaacha picha ipite.

Mwanzoni walicheka wakiona nyayo za mpwa wangu ndani ya maji. Wakanyamaza walipoona mawe, na samaki wa bluu akimfukuza mwenzake aliyeingia kwenye kibanda chake. Mtoto mmoja akataja jina la jiwe lile, na wote wakaitikia, kumbe wanalijua kwa upande wa juu tu. Kisha ikaja ile picha niliyoipata kwa bahati, kwenye majani ya maji ya kina kifupi: magege jike na wingu la vifaranga mbele yake. Mwanzi wangu ukatikisika. Vifaranga wote wakamkimbilia usoni na kupotea kinywani mwake. Mama mmoja akapiga kelele, "Anawala!" Bibi mmoja aliyekuwa amekaa chini akamwambia, "Hawali, anawaficha. Ngoja." Tukangoja. Baada ya muda akafungua mdomo, wakatoka mmoja mmoja. Walinirudishisha picha hiyo mara nne.

Ningependa kukuambia, ndugu msikilizaji, kwamba kesho yake makokoro yalichomwa moto. Hayakuchomwa. Kulipokucha nilishuka ufukoni, nikamkuta baba yangu mdogo, ambaye usiku alikuwa amekaa mstari wa mbele, yuko kwenye kamba na wenzake, wanavuta. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikia bila kuacha kamba. Nilimwuliza kama ile picha haikumgusa. Akasema, "Imenigusa sana, mwanangu. Na ada ya shule nayo imenigusa." Halafu akanikumbusha kwamba nyavu halali zinauzwa bei gani, na usipa walivyopungua msimu ule, na kwamba wale samaki wa Hongi ninaowasifia, akiuzwa mmoja Ulaya, kijijini haifiki hata senti. Hilo la mwisho sikuwa na jibu lake. Wengi wa wale wa madukani siku hizi wamezaliwa huko huko kwenye vioo. Jina tu ndilo la kwetu.

Kokoro lilipofika nchi kavu nilichungulia. Usipa kidogo, majani, mchanga, na magege watano. Mmoja alikuwa jike, kinywa kimevimba. Baba mdogo alimwangalia kwa muda kuliko wengine. Hakumrudisha majini, nami sitasema kwamba alimrudisha. Alimweka kwenye ndoo, polepole.

Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka kituoni, amenibebea mfuko wa usipa wakavu. Basi lilipokuwa linapiga honi ndipo aliponishika mkono.

"Mwanangu, hicho kidude ukija nacho tena, usikifunge kwenye mwanzi. Tukifunge kwenye kokoro langu, kwenye ile kamba ya chini. Miaka arobaini nalivuta, sijawahi kuona linapita wapi."

Nikamwuliza, akishaona halafu itakuwaje.

Akasema, "Tuone kwanza."