Kuhifadhi Ombwe la Matangi ya Oksijeni ya Maji katika Hospitali za Pwani



Madhumuni ya mada hii, kama nilivyoombwa na waandalizi, ni kueleza namna ya kuhifadhi ombwe la matangi ya oksijeni ya maji. Na kwa kuwa wengi wenu mnayajua mambo ya mwanzo, nitayapita kwa haraka. Oksijeni huchemka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi chini ya sifuri, na lita moja ya maji yake hutoa takriban lita 860 za gesi. Tangi ni vyombo viwili, kimoja ndani ya kingine, na nafasi iliyo baina yavyo hujazwa perlaiti, kisha hewa huvutwa kwa pampu. Asili ya maarifa haya ni chupa aliyoibuni James Dewar mwaka 1892. Hayo yatosha.

Mas'ala yenyewe ni kwamba ombwe halipotei ghafla, bali hudhoofika polepole pasipo mtu kushtuka. Chuma chenyewe hutoa haidrojeni kidogo kidogo, maungio yaliyochomelewa huweza kuvuja kwa tundu lisiloonekana, na mipira ya vizibo huchakaa kwa jua. Tena, ndani ya nafasi ile mna kinyonyaji kilichoshikamana na chombo baridi, nacho humeza gesi maadamu kina baridi. Kwa hiyo geji isomwapo tangi likiwa limejaa huweza kuonyesha ombwe jema, ilhali lile la hakika hujulikana tangi likiwa tupu na limepata joto.

Na hapa ndipo penye jambo lililonisumbua miaka mingi. Dalili ya mwanzo huonekana kwa hesabu kabla ya kuonekana kwa macho, na hesabu hiyo, nasema kwa masikitiko, aghalabu haifanywi. Tangi kubwa lenye afya, likikaa bila kutumiwa, hupoteza kwa siku pungufu ya sehemu moja ya mia. Ombwe likidhoofika, maji huchemka, kanieneo hupanda, vali ya usalama hupuliza usiku kucha, na asubuhi lori la muuzaji huja kujaza. Hospitali hulipia kilicholetwa, wala haiulizi kilichowafikia wagonjwa, na mhasibu hudhani kwamba wagonjwa wamezidi. Sipendi kumlaumu mtu katika hadhara hii, wala sisemi kwamba mikataba iliandikwa kwa nia mbaya. Walakini mkataba usiotaja nani mwenye dhamana ya ombwe umeliacha ombwe bila mwenyewe. Hospitali iwapelekeayo wagonjwa oksijeni usiku na mchana, kwa kawaida, haipaswi kuisikia vali ile ikipuliza. Ikisikika, ni ushahidi.

Pwani yetu ina taabu yake mahsusi, nayo ni unyevu. Alfajiri kila chuma hutoa jasho, basi mlinzi akiambiwa ganda la tangi limelowa, hujibu kwamba ni umande. Umande hutanda sawasawa na hukauka kwa jua. Doa la ombwe lililoharibika, au la perlaiti iliyoshuka ikaacha uwazi juu, hubaki mahali pamoja likiwa baridi hata adhuhuri. Sakitu juu ya mabomba ya kigeuza gesi ni jambo la kawaida, juu ya ganda siyo.

Napendekeza, kwanza, kila hospitali iweke daftari la kimo cha maji na kanieneo ya tangi, asubuhi na jioni, na kimo hicho kilinganishwe na kilichopimwa kwenda wodini. Ombwe lipimwe na kuandikwa kila mwaka, na kila tangi linapopata joto kwa matengenezo. Kizibo cha ombwe kisiguswe kamwe tangi likiwa baridi. Sahani ya usalama iliyo juu ya ganda isipakwe rangi, kwani rangi huigandisha, nayo imewekwa ili iinuke chombo cha ndani kikivuja. Pampu ya kuvuta ombwe itiwe mafuta yasiyowaka na oksijeni, na iwe na chujio la kuzuia perlaiti. Mkataba umtaje mwenye dhamana. Na narudia, kwa idhini yenu, daftari liwekwe, kwani bila daftari mapendekezo mengine yote hayana pa kusimama.

Nawaomba wakuu wa hospitali waliohudhuria waamuru daftari hilo lianzwe wiki hii, wala wasingoje mkataba mpya.