Kumpendekezea Mtoto Kitabu: Maktaba za Shule za Msingi Matuga na Suala la Kabati



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwapendekezea watoto vitabu vya kusoma. Walimu wenzangu, maana ya maktaba ya shule mnaijua, na tofauti ya vitabu vya kiada na vya ziada haina haja ya kurudiwa hapa. Itoshe kukumbushana kwamba orodha ya KICD, taasisi ya ukuzaji mitaala ya Kenya, inatwambia kitabu kipi kimekaguliwa na kuidhinishwa. Haitwambii kipi apewe mtoto wa Gredi ya 4 aliyesimama mbele yako, anayesema Kidigo nyumbani, na ambaye Kiswahili cha vitabuni bado kinamtatiza. Kazi hiyo ni yetu.

Kipimo chepesi ni vidole. Mfungulie ukurasa wa katikati, asome taratibu, na kila neno linalomshinda akunje kidole. Vitano vikiisha kabla ya ukurasa kwisha, kitabu hicho kingoje, mpe chepesi zaidi hata kama jalada linasema Gredi ya 2. Namba hiyo ya gredi ibandikeni karatasi, kwani mtoto huionea haya mbele ya wenzake.

Kisha muulize anapenda nini. Mtoto wa Mkongani ambaye tembo wa Shimba Hills wameingia shambani kwao usiku wakamaliza mihogo, ana maswali chungu nzima juu ya tembo. Aliyechoka na vitabu mpe visa vya Abunuwasi au vya sungura, maana huenda bibi yake alishamsimulia na atataka kuona kama kitabu kimekosea. Wakubwa walioiva wapeni Ndoto ya Amerika ya Ken Walibora, na baadaye Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Vile vya msaada kutoka ng'ambo, vya Kiingereza na theluji, visitupwe, ila visiwe mlango wa kwanza kwa anayeanza kusoma.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimelipigia kelele kwa miaka. Yote niliyosema hayana kazi ikiwa kitabu kimo ndani ya kabati lenye kufuli, na ufunguo umo mfukoni mwa mwalimu mkuu aliyekwenda mkutanoni Kwale.

Naomba nieleweke. Simlaumu mwalimu mkuu. Tangu mpango wa Tusome wa kufundisha watoto kusoma ulipoanza mwaka 2015, na hasa tangu serikali ilipoanza kuleta vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni mwaka 2018, vitabu vimekuwa vingi kuliko tulivyozoea, na kila kimoja kina mhuri na mstari wake katika rejista. Mkaguzi akija anahesabu. Kikipungua, anayejibu ni mwalimu mkuu, naye humgeukia mwalimu wa maktaba. Mtu mwenye mshahara wetu ataogopa, na hofu hiyo ina msingi. Lakini rejista ile ile inauliza vitabu vingapi vipo, wala haina safu ya kuandika vingapi vimesomwa. Kwa hesabu hiyo, maktaba ambayo hakuna mtoto aliyeigusa ndiyo inayopita ukaguzi bila doa.

Katika shule moja ya tarafa hii tulifungua kabati lililokaa limefungwa mihula kadhaa. Vitabu vya juu vilikuwa na ukungu wa unyevu wa pwani, kurasa zimegandana. Vya chini mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni wakala ndani, wakaacha majalada. Mihuri ilikuwa ingali inasomeka vizuri. Vitabu hivyo vilikuwa vimefungiwa ili watoto wasiviharibu.

Hofu hii ya kupoteza kitabu imeshafika majumbani. Nimempa msichana kitabu akakipenda, akakipekua mpaka mwisho akiwa amesimama, kisha akanirudishia. Alisema mama yake amemkataza kwenda nyumbani na kitabu cha shule, kwa sababu kikipotea hana cha kulipia. Kumpendekezea kitabu mtoto aliyekatazwa kukichukua ni kumtesa bure.

Kwa hiyo napendekeza haya. Bodi za usimamizi zikubali kwa maandishi kwamba sehemu ya vitabu vya hadithi itachakaa na kupotea kila mwaka kwa kusomwa, na kwamba hasara hiyo si deni la mwalimu wala la mzazi. Vitabu vya kiada vibaki na utaratibu wake. Nazungumzia vya hadithi tu. Wakaguzi waombwe watazame daftari la kuazima kabla ya kuhesabu rafu. Ufunguo uwe na mwenzake, ushikwe na mwalimu wa maktaba. Kabati linyanyuliwe kwa matofali, lisiguse sakafu wala ukuta, na lifunguliwe mara kwa mara lipate hewa.

Muda wa maktaba uwekwe asubuhi au saa ya chakula, kwa kuwa alasiri watoto wengi wa huku wanakwenda madrasa na hatuwezi kushindana na chuo, wala haifai. Pale ambapo vitabu ni haba, hadithi za mradi wa African Storybook zinaruhusiwa kuchapishwa bure. Karatasi chache na stepla zinatosha, na kijitabu hicho kikipotea hakuna wa kuulizwa. Kidigo nacho kipewe nafasi: kamusi iitwayo Mgombato, ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili, ipo tangu 2004.

Walimu wakuu mlio hapa, nawaomba kabla hatujaondoka kila mmoja aandike siku na saa kabati la shule yake litakapokuwa wazi kwa watoto, pamoja na jina la mwalimu atakayeshika ufunguo wa pili. Karatasi nizikusanye mimi.