Goti Jipya, Fimbo ya Zamani

Twawasalimu tena asubuhi ya leo katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo, nyinyi mlio jikoni mkichemsha chai, nyinyi mlio safarini, na hasa nyinyi mliolala kitandani na mguu umeinuliwa juu ya mto. Maana maneno yetu ya leo ni ya goti.

Mwaka juzi tulipasuliwa goti la kushoto, tukawekewa jipya. Twasema "tulipasuliwa" ingawa kisu kilimpata mmoja tu, kwa sababu nyumba nzima ilichechemea pamoja nasi. Mama watoto alihamisha kitanda kikaja chumba cha chini, na mjukuu wetu akafanywa askari wa kulinda fimbo ya kutembelea isisahauliwe msalani.

Kabla hatujaendelea, kuna jambo tunalopaswa kuliungama. Daktari alipotuuliza tunataka goti zima ili tufanye nini, tulimjibu kwamba tunataka kwenda kanisani bila taabu. Jibu hilo lilikuwa nusu ya kweli. Nusu ya pili ilikuwa gofu.

Baadhi yenu mtacheka, mseme huo ni mchezo wa wenye fedha. Sisi tuliujua tukiwa watoto wa miguu mitupu, kabla ya uhuru wa mwaka 1963, tulipokuwa makedi, yaani wachukuzi wa mifuko ya wachezaji. Tulibeba mifuko iliyotushinda kimo, kwa senti chache, katika klabu ambayo Mwafrika aliingia kwa kazi tu. Jioni tuliokota fimbo zilizovunjika, tukazifunga kwa mpira wa baiskeli, tukapiga mipira iliyopotea majanini mpaka giza likatufukuza. Miaka mingi baadaye, tulipopata mshahara wa kutosha, tuliingia klabu kwa mlango wa mbele. Basi msituhukumu upesi. Mchezo ule kwetu ulikuwa zaidi ya mchezo, na hapo ndipo palipokuwa na hatari.

Goti lilianza kuuma kidogo kidogo. Ndani ya goti, ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, kitu laini chenye utelezi, kama kile mnachokiona kwenye kiungo cha mguu wa kuku. Gegedu likiisha, mfupa husuguana na mfupa. Tulipaka dawa, tukameza vidonge, tukachomwa sindano gotini. Mwishowe hatukuweza kushuka ngazi za kanisa bila kushika ukuta, na usiku goti lilituamsha kama mtoto mchanga.

Watu wengi hudhani kwamba goti hukatwa lote likatupwa. Sivyo. Daktari hupunguza ncha za mifupa iliyolika, kisha huzivika kama vile fundi wa meno anavyolivika jino kofia. Mfupa wa paja huvishwa chuma, mfupa wa muundi huwekewa kibao cha chuma, na katikati huwekwa plastiki ngumu yenye kuteleza. Mara nyingi vitu hivi hushikizwa kwa saruji ya mifupa. Kazi hii si ya jana. Daktari Themistocles Gluck wa Berlin alijaribu goti la pembe za ndovu mwaka 1890, lakini kazi yake haikudumu. Goti linalofanana na haya ya leo lilianza kutumiwa New York mwaka 1974, kwa kazi ya Daktari John Insall na wenzake. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba katika kila magoti 10 ya namna hii, kama 8 hudumu miaka 25. Kwa umri wetu, hilo latosha.

Siku ya pili yake tulisimamishwa. Ndiyo, siku ya pili! Tulidhani yule binti wa mazoezi ya viungo amekosea kitanda. Alitushika kwapa, akasema, "Mzee, mguu ni wako, ukanyage." Tukaukanyaga, tukaona nyota.

Hapo ikaanza kazi ambayo hakuna aliyetueleza vizuri. Kupasuliwa ni kazi ya daktari, nawe umelala. Kupona ni kazi yako, nawe uko macho. Kila saa tulikunja na kukunjua vifundo vya miguu, ili damu isigande miguuni. Tulikaza msuli wa paja, tukahesabu mpaka tano, tukaulegeza. Tulipitisha taulo chini ya unyayo, tukavuta kisigino kuelekea makalioni, polepole, huku jasho likitutoka kama mtu anayepasua kuni. Mara tatu kila siku, kisha barafu iliyofungwa kwa kitambaa. Wiki ya pili goti lilijikunja nyuzi 70. Wiki ya nne lilifika 90, ndipo tukaweza kuketi kitini kama watu wengine. Kunyoosha nako kulikuwa vita vyake, maana mguu usionyooka sawasawa hukufanya uchecheme hata kama hauumi.

Hatutaki kumdanganya msikilizaji ambaye ataingia hospitalini mwezi ujao. Maumivu yapo. Usingizi hupotea. Goti huwa na joto na uvimbe kwa miezi, na ngozi iliyo upande wa nje wa kovu hubaki na ganzi, wakati mwingine kwa maisha yote, kwa sababu mishipa midogo ya fahamu hukatwa. Mambo hayo ni ya kawaida. Lakini ukiona shavu la mguu limevimba ghafula na kuuma, au pumzi inakata, au kidonda kinatoa maji na mwili una homa, usingojee maombi ya Jumatano. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, nasi tutakuombea ukiwa njiani.

Sasa twaja kwenye kosa letu. Tulipokuwa tumelala tulisoma habari za Fred Funk, mchezaji gofu wa kulipwa huko Marekani. Alibadilishwa goti mwishoni mwa mwaka 2009, na mwaka uliofuata, 2010, akashinda mashindano makubwa ya wachezaji waliopita miaka 50. Tuliisoma habari hiyo mara nyingi kuliko zaburi yo yote, na tukaigeuza kuwa ahadi tuliyopewa sisi. Hatukukumbuka kwamba mtu yule alikuwa na miaka 53, na kwamba gofu ndiyo kazi yake ya kila siku.

Daktari wetu alikuwa amesema waziwazi. Baada ya wiki sita, tungeweza kuusukuma mpira taratibu penye nyasi fupi karibu na shimo, basi. Fimbo ndefu na pigo la nguvu vingojee miezi mitatu au zaidi, mpaka paja lipate nguvu. Akatueleza na sababu. Anayepiga kwa mkono wa kulia humalizia pigo lake kwa kuuegemea mguu wa kushoto, na goti la kushoto husokotwa wakati unyayo umeshikwa na ardhi. Daktari William Mallon wa Marekani, ambaye alikuwa mchezaji wa kulipwa kabla ya kuwa daktari wa mifupa, alichunguza jambo hili na mwenzake. Mwaka 1993 walieleza kwamba wapigao kwa mkono wa kulia waliumwa zaidi kama goti lililobadilishwa lilikuwa la kushoto. Letu, mnakumbuka, lilikuwa la kushoto.

Wiki ya saba, asubuhi ya Alhamisi, mama watoto alikwenda mkutano wa akina mama. Tukamwambia mjukuu kwamba twaenda kunyoosha miguu. Huo ulikuwa uongo, na tuliutamka tukiwa mzee wa kanisa. Tulipanda teksi mpaka klabu. Tulikataa kedi, maana tuliona aibu kuonekana hatuwezi kubeba fimbo nne, sisi tuliobeba mifuko ya watu utotoni. Kijana mmoja alitufuata kwa mbali bila kuitwa. Mapigo mawili ya kwanza yalikuwa mazuri. La tatu tulilipiga kwa nguvu zetu zote za zamani. Kiatu kilikuwa na misumari, nacho kilishika ardhi, mwili ukageuka, goti likabaki.

Hatutaeleza sauti tuliyoitoa. Yule kijana alikuja mbio, akatuinua, akatuegemeza kwenye mti. Akasema, "Mzee, nilijua. Ulikuwa unachechemea tangu getini." Akatubeba mgongoni mpaka kwenye baraza ya klabu. Tulimwona jinsi alivyo mwembamba, tukakumbuka mifuko ile.

Chuma hakikuwa kimehama. Bwana alitusitiri. Lakini goti lilivimba kama papai, na tulipoteza wiki tatu za kazi ya taulo. Mama watoto hakugomba. Afadhali angegomba. Alileta barafu, akaketi, akauliza, "Baba, ulikuwa unamkimbilia nani?" Tulinyamaza, maana hapakuwa na mtu mbele yetu. Tulikuwa tukimkimbiza kijana mmoja wa miaka 30 ambaye ameshaondoka, naye alikuwa na jina letu.

Kulikuwa na jambo jingine lililotusumbua siku zile, nalo hatukumwambia daktari. Mama yetu mzazi alitufundisha kusali kwa magoti kando ya kitanda, na hatukuwahi kuacha, hata kwenye vyumba vya wageni. Sasa tulisali tumeketi kitini kama mtu anayengoja basi. Tulijiuliza kama sala ya kitini inafika. Wengine mtaona ni swali la kitoto. Basi lilikuwa letu, na lilituuma kuliko kovu. Hatimaye tulimwambia mama watoto. Akajibu huku akikunja nguo, bila hata kututazama: "Yakobo aliondoka Yaboki akichechemea, na baraka alikuwa ameshapewa." Akaendelea kukunja nguo.

Daktari alipoulizwa alitueleza kwamba kidonda kikishapona, kupiga magoti hakuvunji kile chuma. Kinachosumbua ni ngozi yenye ganzi na hofu ya mtu mwenyewe. Tulianza juu ya godoro, kisha juu ya mto mnene sakafuni, dakika moja, mkono ukiwa kitandani. Mpaka leo tunahisi kama tumepigia magoti kokoto. Siku nyingine twasali hivyo, siku nyingine twasali kitini, wala hatujiulizi tena.

Kwa gofu tulirudi mwezi wa tano, kwa ruhusa, na mama watoto ndiye aliyefunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havina misumari. Unyayo wa kushoto twaugeuza kidogo upande wa nje, na tukimaliza kupiga twauacha mguu wa kulia uje mbele, kama mtu aanzaye safari, ili goti lisisokotwe. Mpira twauanzia mbele pamoja na akina mama, ambao wametupokea kwa ukarimu na wanatushinda. Mashimo tisa badala ya 18, na penye mlima twapanda kile kigari cha umeme tulichokuwa tukikicheka.

Kedi wetu ni yule yule kijana. Sasa hatubebi hata fimbo moja. Siku ya kwanza mpira wetu ulizunguka ukingo wa shimo la tisa, ukasita, ukaingia. Tukaanza kuinama tuuchukue kwa mazoea ya miaka mingi, naye akawahi, akainama kabla yetu, akaufuta kwa shati lake, akatupa mkononi. Tukampisha. Tukasema, "Asante, mwanangu."

Haya, wasikilizaji, muda wetu umekwisha, na mama watoto yuko mlangoni na taulo lile. Kwa herini mpaka juma lijalo.