Makaa ya Mianzi: Msaada Wakati wa Mvua, Hatari Yakitumiwa Vibaya

(Maneno kwa vikundi vya akina mama na vijana, Kakamega)



Kaunti yetu hupata mvua nyingi. Baraka hiyo huja na nguo zinazonuka uvundo, viatu vyenye ukungu na blanketi zisizokauka. Makaa ya mianzi yanaweza kusaidia. Yana vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na humo ndimo unyevu na harufu hunaswa. Tena mwanzi ukikatwa vizuri huchipuka upya, kwa hivyo hatuna sababu ya kugusa msitu wetu.

Chukua makaa yaliyopoa kabisa. Yavunje vipande vidogo, yaoshe vumbi, kisha yaanike mpaka yakauke. Yafunge katika kitambaa cha pamba au soksi kuukuu, uyaweke kabatini, ndani ya viatu au chini ya sinki. Kila baada ya wiki chache, yaanike juani kwa saa kadhaa. Yakichoka, yasage uchanganye na mbolea ya shambani.

Lakini makaa hayazibi paa linalovuja. Fungua madirisha jua linapotoka, na usogeze kitanda mbali na ukuta wenye maji.

Sasa mambo mawili ya uhai.

Kwanza, msitegemee makaa kukausha mahindi. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si udongoni, mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13.5 au chini yake, ndipo yatiwe guniani. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu ya kuvu yaliua watu 125 nchini, wengi wao Ukambani. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika, wala makaa hayaiondoi.

Pili, makaa haya ni ya kuwekwa, si ya kuwashwa chumbani. Usiingize jiko la makaa katika chumba kilichofungwa ili kupasha joto au kukausha nguo, hata kama moshi umeisha. Gesi yake haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Ukihisi kichwa kikiuma na kizunguzungu, toka nje mara moja, watoe watoto, kisha mwende hospitali.

Kwa maswali kuhusu kupanda mianzi au kukausha nafaka, mwoneni afisa wa kilimo wa wadi yenu.